Denti, Konda na Mizani 16

Wale mliozoea kuja kwenye kona hii kutafuta dawa ya kuachwa, leo mnivumilie, hamu yenu mtaimalizia wiki ijayo. Leo naongea ushairi. Weee, usifunue ukurasa! Najua neno hilo likitajwa tu, nusu ya watu waliopita sekondari wanaumwa kichwa, wanakumbuka ubao umejaa maneno kama tathlitha, takhmisa, ukwapi na utao, halafu mwalimu anasema "nakilini, kesho kuna jaribio". Nami ni mmoja wa waliokuwa wananakili, kwa hiyo tunajuana.

Sababu ya kuleta habari hizi ni binti mmoja wa jirani, denti wa kidato cha tatu. Jioni moja alinikuta nimekaa kibarazani napunga upepo. "Kaka shikamoo." Marahaba mdogo wangu. Akanipa karatasi ya mtihani. Swali la kwanza lilimtaka ataje na kueleza bahari tano za ushairi wa Kiswahili. Hapo alikuwa amechanganya tathlitha na takhmisa, akapata nusu ya maksi. Swali lililofuata lilimtaka atunge shairi la tarbia lenye beti mbili. Hapo alikula yai zima, na pembeni kwa wino mwekundu imeandikwa "HILI NI GUNI".

"Kaka, guni ni nini? Ni tusi?"

Nilicheka, ila yeye hakuwa anacheka. Guni siyo tusi jamani. Ni shairi lililokosea vina au mizani. Sasa cheki maajabu: mtoto ameambiwa kazi yake ni guni, lakini hakuna aliyekaa naye akamwonyesha guni liko mstari gani. Akaamua mwenyewe kwamba hana kipaji. Na huyu binti, usimwone hivi, nyuma ya daftari lake la Jiografia kuna mistari ya kuchana kurasa kama saba. Anachana kuhusu mama yake anayeuza maandazi, kuhusu maji yanayotoka usiku wa manane, kuhusu wavulana wenye sifa za kijinga. Mistari imeshiba! Tangu karatasi ile irudi, hajaandika hata mmoja. Ndo kilichoniuma.

Mimi naona hivi, na kama kuna mwalimu anasoma basi asinikasirikie: ushairi tunafundishwa kwa macho wakati wenyewe ni kitu cha masikio. Mtoto anaonyeshwa picha ya shairi ubaoni, mistari minne, koma katikati, anaambiwa hiyo ni tarbia. Ni sawa na kumfundisha mtu pilau kwa kumwonyesha sahani kwenye picha. Mashairi yetu ya asili yalitungwa yaimbwe au yaghaniwe, mbele ya watu wanaosikiliza. Mtu akipotea mizani, hadhira haikuhitaji kalamu nyekundu. Ilisikia sauti inajikwaa.

Kwa hiyo nikamwambia afunge daftari. Tukaanza na konda.

Si unamjua konda? "Kariakoo-Kariakoo-Kariakoo, Posta-Posta!" Hajasoma arudhi huyo, lakini sikiliza anavyokata. Ka-ri-a-ko-o, pigo tano. Po-sta, pigo mbili. Anarudia kwa mapigo yaleyale, abiria aliye mbali anajua gari gani hata kabla hajaliona. Halafu anagonga bodi pa! pa! na dereva anaondoa gari. Kila pigo la ulimi ni silabi moja, na silabi ndizo tunazozihesabu tukisema mizani. Hakuna uchawi mwingine pale. Ukisikia "mizani 16" maana yake mshororo mmoja, yaani mstari mmoja wa shairi, una silabi 16.

Nikamwambia apige kofi kwa kila silabi. Mtoto: m-to-to, makofi matatu. Mboga: mbo-ga, makofi mawili. Hapo akasimama. "Kaka mbona zote zinaanza na m?" Swali zuri! Ile m ya mtoto inasimama yenyewe, ina pigo lake. Ile ya mboga imeegemea kwenye b, zinatoka pamoja. Ndiyo maana mtu ni mbili, mguu ni tatu (m-gu-u), nchi ni mbili, lakini ndizi nayo ni mbili tu, ndi-zi. Na irabu mbili zikikaa jirani kila moja inajitegemea: kuu ni mbili, taa mbili, kituo tatu. Ukishaelewa m na irabu, umemaliza asilimia kubwa ya kesi za guni. Wengi wanaanguka hapo kwa sababu wanahesabu herufi kwa macho badala ya kusikiliza.

Basi bwana, tukaingia kwenye methali, maana hizo kila mtu anazo kichwani bure. Haraka haraka haina baraka. Piga kofi: ha-ra-ka-ha-ra-ka, sita. Ha-i-na-ba-ra-ka, sita tena. Nusu mbili zimelingana, na zote zinaishia na "ka". Hiyo silabi ya mwisho inayojirudia ndiyo kina, wingi wake vina. Na tuelewane, kina ni silabi nzima, siyo irabu peke yake. Kuna masela wanadhani kata na paka ni vina kwa kuwa zote zina a mwishoni. Wapi! Moja ni "ta" nyingine ni "ka". Paka na haraka, hapo sawa.

Sasa sikia hii. Nikampa methali ambayo kila mzazi wa Bongo anaijua kwa matumizi ya fimbo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akapiga makofi polepole. A-si-ye-si-ki-a-la-m-ku-u, kumi. Hu-vu-nji-ka-gu-u, sita.

"Kumi na sita! Kaka, kumbe hili ni shairi!"

Nikamwambia imba.

Akajaribu kwa ile lafudhi ya mashairi ya redioni, yale ya kuvuta. Akafika katikati akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Mshororo wa shairi letu la kawaida haujaridhika na kufikisha 16 tu. Unataka ugawanyike 8 kwa 8, na katikati pana kituo kifupi ambapo mwimbaji anavuta pumzi. Hiyo nusu ya kwanza ndiyo wanaiita ukwapi na ya pili utao. Kwenye methali yetu, silabi ya nane ni ile m ya mkuu! Ukisimama hapo umemkata mkuu shingo: "asiyesikia la m... kuu huvunjika guu". Ndo maana sauti ilikwama. Mtu akikariri tu kwamba shairi ni mizani 16, angeapa kabisa kwamba hilo ni shairi safi. Sikio likakataa.

Tufanyeje? Tukaikarabati. Washairi wana ruhusa ya kufupisha neno, inaitwa inkisari. Asiyesikia inakuwa asosikia, silabi moja imeliwa. Ile "la" ikaondoka. Ikatoka hivi:

Asosikia mkuu, lazima avunje guu.

Hesabu mwenyewe: nane kwa nane, pumzi inakaa mahali pake. Ukihitaji kurefusha badala ya kufupisha, wanaita mazida. Ukibadili sauti ya neno kidogo ili kina kikae, hiyo tabdila. Na ukipangua mpangilio wa maneno, yaani kusema "konda mbele atazama" badala ya "konda anatazama mbele", wanaita kuboronga sarufi. Jina hilo kali kweli, ungedhani ni kosa la jinai, kumbe ni ruhusa. Lakini ruhusa hizi ni kama chumvi jamani. Kuna mashairi mengine maneno yamekatwa mikia na masikio mpaka hujui yalikuwa yanasema nini.

Tukachukua nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone. Mapigo matano kwa sita, imepinda. Binti akaikaa nayo dakika kama mbili, akaja na "Mgeni njoo nyumbani, mwenyeji apate pona". Nane kwa nane! Na hiyo "apate pona" badala ya apate kupona ni inkisari, ameitumia kabla hajajua kuitamka. Huyo ndiye ati hana kipaji.

Ya tatu ndiyo iliyotufikisha tulipokuwa tunakwenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. M-ta-ka-cha-m-vu-ngu-ni, nane safi kabisa bila kuguswa. Upande wa pili ukapungua. Akabadili: "hana budi kuinama". Nane! Nikamwambia sasa huo mshororo weka chini kabisa, uwe kibwagizo, yaani mshororo utakaorudiwa mwisho wa kila ubeti. Kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "ma". Juu yake panda mishororo mitatu inayoishia hivyohivyo. Kuhusu nini? Kuhusu kitu kilichokukera leo asubuhi.

Hakufikiri. "Konda."

Wasomaji wangu wa mjini hamhitaji maelezo. Denti analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo konda akiona sare ya shule kituoni anageuka kipofu. Gari linapunguza mwendo, watu wazima wanadaka mlango, wanafunzi wanaachwa na vumbi. Binti huyu anaamka saa kumi na moja, anafika shule kengele imeshagongwa, geti limefungwa, na adhabu inamsubiri kama vile yeye ndiye mmiliki wa daladala. Akaandika, akafuta, akaandika:

Nimeamka gizani, kituoni nasimama,
Vitabu vi mkobani, konda mbele atazama,
Mguu u mlangoni, naambiwa rudi nyuma,
Mtaka cha mvunguni, hana budi kuinama.

Mshororo wa tatu mwanzo ulikuwa "Mguu wangu mlangoni". Kwa macho haina neno, iko sawasawa na wenzake kwa urefu. Alipoimba ndo akasikia pigo la tisa linadondoka nje. Mwenyewe akalitoa, sikumwambia. Na hebu sikia simama, tazama na kuinama zinavyoitikiana kwa silabi mbili nzima, "ama", halafu nyuma inaitika kwa moja tu. Sheria inaridhika na moja. Sikio linapenda mbili. Wachanaji wetu wa Bongo Fleva wanalijua hilo siku nyingi, wanatafuta vina vya silabi mbili tatu na kuvipanga hata katikati ya mstari. Wao hawahesabu 8 kwa 8 kwa sababu biti inawahesabia. Mzee wa mashairi hana biti, kwa hiyo mizani ndiyo ngoma yake.

Mmeona lakini? Ubeti wa mishororo minne, ndiyo hiyo tarbia iliyompa yai. Wengine wanaiita tu shairi, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka kuliko zote. Na hapo sasa ndipo nikamrudisha kwenye swali la kwanza, lile la majina. Haya majina ni hesabu za Kiarabu tu, na wewe unazijua tangu darasa la kwanza! Thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Sasa pachika: tathlitha (mishororo mitatu) ina ndugu yake thelathini. Tarbia (minne) ndugu yake arobaini. Takhmisa (mitano) ndugu yake hamsini. Tasdisa (sita) jamaa yake sitini, ingawa huyu wamefanana kwa mbali. Ukitoa mshororo mmoja kwenye ubeti wa konda umebaki na tathlitha, ukiongeza mmoja umepata takhmisa. Hatachanganya tena maishani, niwekee dau lolote.

Utenzi ni habari nyingine, na hapa sikio linafanya kazi kweli. Mshororo haugawanyiki vipande, ni mizani 8 basi. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina chake ambacho kinarudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi unaisha. Tukamchukua konda yuleyule:

Niliamka mapema
Kituoni kusimama
Konda akanitazama
Mlango akaufunga.

Nikabaki kituoni
Vitabu vi mkononi
Na wenzangu masikini
Foleni tukaipanga.

Umesikia ile "nga" inavyorudi? Ni kama msumari unaofunga ubeti huu na ule. Na sikia mwendo ulivyobadilika. Kwenye shairi la 8 kwa 8 mtu analalamika, anageuza jambo moja, anakurudishia kibwagizo usoni. Kwenye utenzi hadithi inakimbia, na msikilizaji anataka kujua kilichofuata. Ndiyo maana wazee walitumia utenzi kwa mambo marefu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Mwana Kupona, mama wa huko visiwa vya Lamu, mwaka 1858 alimwachia bintiye wosia wa beti 100 hivi, na wanawake wa pwani wakaushika kwa moyo vizazi na vizazi. Jaribu kushika kwa moyo barua ya kurasa kumi isiyo na vina uone.

Kuna moja zaidi ambayo denti mnaipenda bila kujua jina, nayo ni ngonjera. Ni shairi la kujibizana, mmoja anasema huyu anajibu, mara nyingi mpaka mmoja anakubali yaishe. Aliyeisukuma mbele mpaka ikaingia mashuleni ni Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969. Vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilitoka baada ya kifo chake. Ukuta hapo siyo wa nyumba, ni kifupi cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Mtasema kaka leo umegeuka mwalimu wa tuisheni. Haya, niwape ya mjini. Mpira wa Arusha mnaujua, na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mnaujua. Wangapi wanajua kwamba huyo aliyepewa uwanja alikuwa mshairi? Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na sehemu kubwa ya sheria tunazokaririshwa shuleni imepitia humo. Mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye Waziri wa Sheria, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana wa miaka 40. Mtu wa sheria kote kote. Saadani Kandoro, mshairi mwingine aliyekuwa kwenye harakati za uhuru, naye mtu wa Ujiji. Sijui walikuwa wanakunywa maji gani huko Kigoma. Na msidhani yameisha na wazee: Mr. II, Sugu huyo, aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya Mbeya Mjini, Professor Jay akamfuata mwaka 2015 kwa tiketi ya Mikumi. Wote wawili vina ndivyo vilivyowatangulizia majina.

Sasa wajuaji wa kijiweni najua mmeshaandaa swali: mbona kuna mashairi vitabuni hayana vina wala mizani na yanaitwa mashairi? Ni kweli. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa diwani yake Kichomi, na humo mashairi mengi hayafuati sheria za akina Amri. Mwaka 1976 wakaja Kahigi na Mulokozi na Malenga wa Bara. Ukawaka moto! Wazee wakasema hayo siyo mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Vijana wa Chuo Kikuu wakajibu kwamba vina na mizani ni pambo, uti wa mgongo wa shairi uko kwenye fikra na picha. Ugomvi huo uliendelea miaka na miaka, na ukiingia kwenye kikao cha wapenda mashairi leo ukautaja unaweza ukakosa chai.

Msimamo wangu? Nawapenda wote, ila mtu akikwambia shairi huru halina sauti, huyo naye amelisoma kwa macho. Halina mizani ya kuhesabika, sawa. Lakini Kezilahabi anakata mstari mahali anapotaka unyamaze, anarudia neno mpaka linauma. Kurudia huko wataalamu wanakuita takriri. Kuna tanakali sauti pia, yale maneno yanayoiga mlio au kishindo, chubwi majini, tifu mchangani, pa! pa! ya konda. Hizo zinafanya kazi kwenye shairi la Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na kwenye shairi huru, na kwenye mchano wa binti nyuma ya daftari la Jiografia. Kinachonikera ni kijana anayekimbilia shairi huru kwa sababu tu hajui kuhesabu mpaka nane. Kezilahabi aliacha sheria akiwa anazifahamu.

Turudi kwa denti wetu. Hakuimba ubeti wake darasani, na sidhani mwalimu ameuona. Aliuimba kituoni. Asubuhi moja gari lilipowaacha kwa mara ya pili, akaanza "Nimeamka gizani" kwa ile sauti ya kuvuta, wenzake wakacheka, lakini lilipofika gari la tatu wote walikuwa wanajua kibwagizo. Sasa imekuwa wimbo wa taifa wa kituo kile. Gari likipunguza mwendo, sare nyeupe kama thelathini zinaitikia kwa pamoja, mtaka cha mvunguni, hana budi kuinama! Mama mmoja wa genge la matunda ameshaongeza ubeti wake kuhusu wateja wa mkopo, na ana vina safi kuliko wetu, hajafika hata darasa la nne.

Makonda wamebadilika? Thubutu! Bado wanawaacha. Juzi mmoja alichungulia dirishani akawapigia makofi, akagonga bodi, gari likaondoka. Ila binti ameanza tena kuandika, safari hii anahesabu kwa vidole, na daftari la Jiografia limejaa ameingia la Historia. Mama yake kaniuliza kwa upole kama huo ushairi wangu una daftari lake au nitanunua mimi. Nimeahidi kununua.

Kwenye kurasa za mashairi za magazeti, tangu zamani, mtu akitupa shairi basi kuna mwenzake atajibu, tena kwa vina vilevile. Nataka turudishe mchezo huo hapahapa kwenye kona yetu. Denti ameshasema yake. Najua makonda mnasoma gazeti hili, nawaona mnavyolikunja mfuko wa nyuma, na ninyi pia mna mabosi wanaotaka hesabu jioni na mafuta yasiyosubiri nauli ya mwanafunzi. Mshororo wa kwanza nawapa bure, kina cha kati "ke", cha mwisho "te", imbeni kabla ya kuandika:

Konda naye ana yake, hebu leo ajitete.

Mitatu iliyobaki ni yenu.